Marufaa ya kompyuta

Seremala aliitazama karatasi niliyomchorea, akanitazama mimi, akairudia karatasi. Karakana yake iko Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zetu za Tanga zinazoitwa kwa namba, na nilimkuta anapiga randa ubao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Sasa, hii uliyochora ni marufaa, kibao cha kuwekea msahafu. Lakini mbona kubwa hivi? Msahafu gani huo?"

"Si ya msahafu, mzee. Ya kompyuta."

Alicheka mpaka akaiweka randa chini. Nikamweleza: kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri, nashinda mbele ya kompyuta mpakato, na kwa miezi kadhaa shingo imekuwa ikiniuma kuanzia kisogoni mpaka mabegani. Kioo kiko chini mno, nataka kipandishwe. Akapitisha kidole juu ya mchoro, akanyamaza kidogo, kisha akauliza:

"Na ukishaipandisha, utaandikia wapi?"

Mzee yule hana kompyuta, na sidhani kama anaitaka. Lakini swali lake ndilo linaloeleza karibu maumivu yote ya watu wanaofanya kazi kwa laptopu.

Kusoma kunataka maandishi yawe juu, mbele ya macho. Ndiyo maana msomaji wa Kurani hauweki msahafu sakafuni, anaupandisha kwenye marufaa. Kuandika kunataka mikono iwe chini, usawa wa viwiko, mabega yakiwa yamelegea. Mtu mzima akiketi, kati ya macho yake na viwiko vyake kuna kama nusu mita. Sasa fungua laptopu: kioo na kibodi vimeshikamana kwa bawaba, vimeachana kwa shubiri moja tu au kuzidi kidogo. Ukiiweka chini ili mikono iwe sawa, shingo inainama. Ukiipandisha ili shingo iwe sawa, mabega yanapanda na vifundo vya mikono vinakunjika. Hakuna kiti wala meza itakayoondoa mgogoro huo, hata ununue kiti cha bosi chenye magurudumu na ngozi. Dawa ni kuvitenganisha viwili hivyo.

Kompyuta nyingi za mwanzo za mezani zilikuwa zimetenganishwa tayari, kioo mahali pake na kibodi mahali pake. Kilicholeta ndoa hii ni safari. Mwaka 1981 iliingia sokoni Osborne 1, kompyuta ya kubebeka iliyokuwa na uzito wa karibu kilo 11 na kioo cha inchi 5. Wangapi waliibeba mara ya pili kwa hiari, sijui. Mwaka uliofuata ikaja GRiD Compass, ambayo mbunifu wake Bill Moggridge aliipa umbo la kukunja kama kitabu, kioo kikifunika kibodi. Umbo hilo ndilo tunalolifungua na kulifunga mpaka leo. Lilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye safarini, afungue, aandike barua mbili, afunge, aendelee na safari yake. Halikubuniwa kwa mtu atakayeketi nalo tangu saa mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Nyumbani tuna chombo cha namna hiyo hiyo: mbuzi ya kukunia nazi. Mwili wote unakunjika juu yake, macho yanafuata mikono, mikono inafuata meno ya chuma, na hakuna anayelalamika kwa sababu nazi mbili zimeisha baada ya dakika chache. Mtu akikuna nazi saa nane mfululizo, siku sita kwa wiki, tutamhurumia. Mwenye laptopu anafanya hivyo hivyo, ila yeye tunasema ana kazi nzuri ya kukaa.

Tuitazame shingo yenyewe. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa wima juu ya uti wa mgongo, mzigo unateremka pingili kwa pingili na misuli inafanya kazi ndogo tu. Kikienda mbele, misuli ya nyuma ya shingo inabaki kukivuta kisidondoke. Chukua mfuko wa unga wa kilo 5, ushike kifuani, kisha unyooshe mkono mbele huku umeushika. Mfuko ni ule ule, lakini dakika moja tu mkono utakuwa unatetemeka. Mwaka 2014 daktari wa upasuaji wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, aliipigia hesabu hali hiyo: kichwa kikiinama nyuzi 30, mzigo unaoifikia shingo ni kama kilo 18; kikifika nyuzi 60, kama kilo 27. Ni hesabu ya kielelezo, haikupimwa kwenye shingo za watu, na haimaanishi kwamba kila anayeinama ataumwa. Inatosha kuonyesha mwelekeo.

Mama anayetoka bombani na ndoo ya lita 20 kichwani naye anabeba kilo 20, na bado anatembea, anapiga soga, anasalimia waliokaa barazani kwa macho tu bila kugeuza kichwa. Anaiweza kwa sababu shingo imesimama. Mwambie ainame na ndoo yake uone kitakachotokea.

Kwa hiyo jibu la swali la seremala lilikuwa kibodi ya pembeni. Nilikwenda kwa fundi kompyuta nikanunua kibodi ya mtumba ya waya, iliyotoka kwenye kompyuta ya mezani iliyokufa, pamoja na kipanya. Herufi mbili zimefutika lakini vidole vinajua zilipo. Laptopu ikapanda juu ya marufaa, kibodi ikabaki mezani. Kipimo ni rahisi: ukiketi wima na kutazama mbele, ukingo wa juu wa kioo uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, na ukinyoosha mkono ncha za vidole zikikaribie kioo. Wanaovaa miwani yenye sehemu ya kusomea kwa chini wanahitaji kioo kishuke zaidi, la sivyo watakuwa wanainua kidevu mchana kutwa na kuhamisha maumivu kutoka upande mmoja wa shingo kwenda mwingine.

Si lazima uende kwa seremala. Kuna binti anachapa kazi za watu kwenye steshenari karibu na kwetu: barua za maombi, mikataba ya viwanja, ripoti za wanafunzi wa chuo. Siku moja nikamwomba alete rimu tatu za karatasi za A4 ambazo hazijafunguliwa, tukaziweka chini ya laptopu yake. Rimu moja ina unene wa sentimita 5 hivi, kwa hiyo kioo kilipanda sentimita 15 bila kutoa hata shilingi. "Kaka, wateja wakija wakitaka karatasi je?" akauliza. Tukakubaliana hizo tatu ndizo za mwisho kuuzwa. Marufaa ya mzee ina ubora mmoja ambao rimu hazina: chini ya laptopu kunabaki wazi, na hewa ya feni yake inapita. Anayetumia rimu asizibe matundu ya chini. Na marufaa ya msahafu yenyewe iacheni, ina heshima yake. Tena ni ndogo, laptopu itateleza.

Hata kibodi ikitengana na kioo, yako mambo ya meza na kiti. Meza nyingi za kulia chakula zina urefu wa sentimita 75 hivi, ambao kwa wengi wetu uko juu ya viwiko. Ukiandikia hapo mabega yanapanda bila wewe kujua. Panda wewe: weka mto mgumu kwenye kiti mpaka viwiko viwe usawa wa kibodi au juu yake kidogo. Miguu ikianza kuning'inia, iwekee kigoda au matofali mawili. Kile kiti chetu cha plastiki, cha harusini na msibani, kimetengenezwa uegemee nyuma ukisubiri pilau, kwa hiyo ukitaka kuandika unalazimika kuteleza mpaka ukingoni na mgongo unakuwa kama upinde. Kunja kanga mpaka iwe na unene wa mkono karibu na kiwiko, iweke kiunoni usawa wa mkanda, kisha ujisukume nyuma mpaka uiguse. Nimejaribu mito ya dukani. Kanga inaishinda, kwa sababu unaipunguza na kuiongeza upendavyo.

Sasa nije kwenye mkono, maana hapa watu huogopeshana sana, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Baada ya shingo, vidole vyangu vya mkono wa kushoto vilianza kufa ganzi. Kila niliyemwambia alinijibu jambo moja: ni ule ugonjwa wa kifundo cha mkono wa watu wa kompyuta. Kifundoni kuna njia nyembamba, sakafu na kuta zake ni mifupa, dari lake ni ukano mpana. Ndani yake zinapita kano tisa za kukunjia vidole na mshipa mmoja wa fahamu. Nafasi ikibana, anayeumia ni huo mshipa, na ganzi huja kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete, mara nyingi usiku kiasi cha kumwamsha mtu akaanza kukung'uta mkono. Kwa kweli uhusiano wa ugonjwa huo na kuchapa kwenye kibodi bado wataalamu wanabishania. Ushahidi ulio imara zaidi unaelekea kwenye kazi za kushika kwa nguvu na mashine zinazotetemesha mikono, na pia ujauzito, kisukari na matatizo ya tezi ya shingo.

Lakini mimi kilichokuwa kinakufa ganzi ni kidole cha mwisho na nusu ya cha pete. Mshipa unaokwenda huko ni mwingine kabisa. Unapita nyuma ya kiwiko, karibu na ngozi, mahali pale ambapo ukijigonga mlangoni unarushwa na umeme mpaka vidoleni. Na mimi, nikisoma, nilikuwa na tabia ya kuegemeza kiwiko cha kushoto kwenye ukingo wa meza na kushika shavu. Meza ya mninga, ukingo haujasagwa, saa tatu kwa siku. Nilikunja taulo nikaliweka ukingoni, kisha nikaacha kabisa kuegemea, na baada ya wiki chache ganzi ikaondoka. Kibodi, kipanya na kifundo vilikuwa vinasingiziwa.

Kuhusu kifundo chenyewe, kiache kiwe kimenyooka, kisikunjwe juu wala chini. Vile vigingi vidogo vya nyuma ya kibodi, vinavyoiinua upande wa mbali, vifunge. Karibu kila mtu anavifungua kwa kuwa vipo.

Macho nayo yana kisa chao. Mtu akipiga soga hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Akikodolea kioo, idadi hushuka sana, pengine ikabaki theluthi. Kila kupepesa ni kuyapaka macho machozi upya, kwa hiyo yakikosa hukauka, yakawasha, na kwa ajabu yakaanza kuchuruzika. Kwa hapa Tanga tunaongeza kosa letu: kwa sababu ya fukuto la miezi ya kaskazi, tunaielekeza feni usoni moja kwa moja. Upepo unakausha kile kidogo kilichobaki. Ielekeze miguuni au mgongoni. Pangaboi halina neno sana, ila usikae chini yake kabisa. Ipo kanuni inayotajwa mara kwa mara, ya kila dakika 20 kutazama kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Namba hizo zimechaguliwa ili zikumbukike, lakini wazo lake ni sahihi: misuli inayolenga macho karibu inalegea ukitazama mbali. Mwenye dirisha linaloonyesha bahari atazame bahari. Dirisha hilo, hata hivyo, liwe ubavuni pako. Likiwa nyuma yako utaliona ndani ya kioo, likiwa mbele litakushindanisha na mwanga wa nje.

Yote niliyoyasema, ukiyafuata kisha ukaketi saa nne bila kujongea, bado utaumwa. Mwaka 1713 daktari wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, alipoandika kuhusu maradhi ya makarani wa wakati ule, alitaja vyanzo vitatu: kukaa muda wote, kuusogeza mkono mfululizo kwa namna ile ile, na akili kukazana isikosee. Walikuwa na unyoya na wino tu. Misuli iliyokazwa bila kulegezwa inabana mishipa yake yenyewe ya damu, na ndiyo maana hata mkao mzuri unageuka mbaya ukiushikilia. Mimi nimeshindwa na kengele za simu, nazizima nikiwa nusu usingizini. Kinachonisaidia ni muuza kahawa. Akipita anagonganisha vikombe, nanyanyuka, natoka mpaka barazani, nakunywa kimoja nikiwa nimesimama. Asubuhi anapita mara mbili. Adhana inanyanyua wengi, lakini kati ya adhuhuri na alasiri ni saa tatu hivi, kwa hiyo swala peke yake haitoshi. Usipitishe nusu saa hujanyanyuka, hata kama ni kwenda kuchungulia chungu jikoni.

Neno letu "kompyuta mpakato" nalo lina ushauri mbaya ndani yake, maana linatuambia tuipakate. Mapajani joto lina mambo yake. Mwaka 2010 madaktari wa Basel, Uswisi, walieleza kisa cha mvulana wa miaka 12 aliyepata mabaka yenye muundo wa wavu kwenye paja la kushoto, baada ya miezi kadhaa ya kucheza michezo huku ameipakata laptopu. Joto halikutosha kuunguza. Lilitosha kuharibu ngozi polepole. Kwa wanaume kuna la ziada. Utafiti uliofanywa New York na kuchapishwa 2005 ulipima joto la mfuko wa korodani kwa wanaume 29 waliopakata laptopu kwa saa moja, ukakuta limepanda kwa zaidi ya nyuzi 2.5 za Selsiasi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilitokana na kubana mapaja tu ili isianguke. Hawakupima uzazi wao, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba umekwisha. Joto hilo ni adui wa mbegu, inatosha kuiweka mezani. Kitandani nako si mahali: godoro linaziba matundu, feni inalia, na laptopu inapungua kasi ili ijiokoe. Watengenezaji wengi huandika kwamba zifanye kazi penye joto lisilozidi nyuzi 35, na chumba chenye bati bila dari mwezi wa pili hakiko mbali na hapo.

Umeme nitausema kwa kirefu kidogo kwa sababu ndio unaoweza kumaliza mtu. Soketi zetu zina matundu matatu, na chaja nyingi zinazoingia zina pini mbili. Kila nyumba inajua ufumbuzi wake: unachomeka kalamu ya plastiki kwenye tundu la juu, vifuniko vya ndani vinafunguka, unasukuma pini mbili, unatoa kalamu. Lile tundu la juu ni la waya unaokwenda ardhini. Ndani ya chaja kuna vipande vya kuondoa kelele za umeme, na vinavujisha mkondo mdogo sana. Waya wa ardhini ukiwepo, mkondo huo unateremka huko. Usipokuwepo, unangoja mtu. Ndiyo maana laptopu yenye bodi la chuma inakutekenya ukiwa miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, na mtekenyo unakoma ukivaa ndala. Mtekenyo wenyewe kwa kawaida hauui. Lakini kama inakurusha, au chaja inanuka, au waya umechubuka karibu na shingo yake, chomoa na usiitumie tena. Tafuta chaja ya pini tatu. Na hakikisha hiyo soketi imeungwa ardhini kweli. Nyumba nyingine tundu lipo, waya haupo.

Betri, ukiona laptopu inayumba mezani au kile kipande cha kupapasia kimenyanyuka, imevimba. Zima, chomoa, usiibonyeze wala kuitoboa, ipeleke kwa fundi aitoe. Isiingie kwenye jalala la kuchomea taka nyuma ya nyumba.

Na ikiwa umerekebisha meza, kioo na kiti, na bado baada ya wiki chache mkono una ganzi, au unaangusha vikombe, au maumivu yanashuka kutoka shingoni mpaka vidoleni, nenda hospitali. Usiende kusema tu "mkono unaniuma". Kabla hujatoka nyumbani, chukua kalamu uweke alama kwenye vidole vinavyokufa ganzi, na uandike ni saa ngapi vinaanza. Daktari akiona alama ziko kwenye gumba na vya katikati ataanza na kifundo. Akiziona kwenye kidole cha mwisho atakukunja kiwiko kwanza.